Kitufe Kilichoandikwa Shuka

Busia, Kenya
26 Januari 2025

Kwa Toto Apolot,

Yoga noi, nakusalimu wewe na Mzee Ecodu na wote walio hapo Kirewa. Sisi huku hatujambo. Anjeline wangu anakusalimu sana. Mwaka huu wamempa darasa la pili, watoto ni wengi kuliko madawati, na akirudi nyumbani jioni hataki hata redio iguswe.

Mkuu wangu Osborn, mwenye karakana, aliona bahasha hii juu ya meza akauliza tangu lini nina mtoto mchanga ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia, "Sisi Wateso tukisema toto, ni mama." Akacheka hadi akaketi juu ya mtungi wa gesi. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama toto amenyonya. Nami namwambia ukweli: wewe ni dada ya marehemu mama, wewe ndiye uliyenilea, na hakuna jina jingine ninaloweza kukuita.

Sikupigii simu kwa sababu uliniambia unaiona ikiwaka tu, sauti huipati, tangu kile kikamuzi cha zamani cha hospitali, ile mashine ya kukamua nguo, kilipoyamaliza masikio yako kwa kunguruma kabla hakijafa. Basi tutaandikiana kama watu wa kale, na Syprose muuza samaki atatuvushia barua akija huko na omena zake.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mashine tuliyoifunga wiki jana kwenye chumba chenu cha kufulia, mimi na Osborn tumeiunda wenyewe, bomba kwa bomba. Inavuta maji ya moto, inachanganya sabuni, inafua, kisha kikapu chake kinazoa nguo zilizolowa, kinazipandisha na kuzimwaga kwenye kikamuzi chake kipya. Hakuna mtu wa kuinama, hakuna mtu wa kubeba. Siku ile niliwaonyesha vitufe kwa rangi tu. Nimefikiri, nikaona rangi zitawachanganya, na mashine zote zinazoletwa hospitalini zimeandikwa lugha za wenyewe. Kwa hiyo nimechonga vibandiko kwa Kiswahili chetu, vimo humu ndani. JUU ubandike kwenye kitufe cha kijani, hicho kinapandisha kikapu. BLANKETI kwenye chekundu na SHUKA kwenye cha njano, hivyo vinaanzisha kufua, kila kimoja na maji yake na muda wake. Kikapu hakina kitufe cha kurudi. Kikishamwaga nguo kinapumzika kidogo, kisha kinarudi chenyewe. Hapo ndipo nilipoumiza kichwa mwaka mzima.

Bwana Odwori, msimamizi wenu, amesema ataiacha ifanye kazi hadi baada ya Pasaka, ndipo aamue kama inabaki au tunakuja kuing'oa. Osborn naye amesema wazi. Ikibaki, tutatengeneza nyingine za hospitali ndogo na shule za bweni. Iking'olewa, karakana inarudi kwenye mageti na madirisha, na mimi nitatafuta pengine pa kwenda. Kwa hiyo Toto, usinifiche kitu. Niambie inavyofanya kazi, hata kama ni vibaya.

Mwanao,
Engole


Kirewa, Tororo
16 Februari 2025

Mwanangu Engole,

Barua yako imefika mkononi mwangu ikinuka omena, na paka wa jirani akaifuata kutoka barabarani hadi mlangoni. Syprose nilimzuia akanywa chai na akala viazi, maana kuvuka mpaka na magunia ya samaki si mchezo. Tuko wazima. Mzee Ecodu goti linamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Ng'ombe wetu amezaa ndama wa kike, na Mzee amempa ndama jina la dada yake. Dada yake amesikia, na sasa haji hapa.

Mwambie huyo Osborn kwamba toto hanyonyi. Toto ananyonyesha, tena anachapa.

Anjeline mpe pole ya darasa. Mwambie akirudi nyumbani aweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na wewe ndiwe umchotee hayo maji.

Umeuliza habari za mashine. Mashine iko salama. Haijaharibika hata kidogo. Maneno yako nimeyabandika yote na yamenyooka. Chumba tunakifagia kila asubuhi, na masuka ya wodi zote yanatoka kwa wakati, hakuna mgonjwa aliyelala bila suka. Betty na Taaka, wenzangu wa kufua, wanakusalimu. Wanasema wewe ni kijana mwenye heshima, siku ile uliwapa mkono wote wawili kabla ya kugusa spana.

Mvua bado. Mtama umesimama hivi hivi unatutazama. Mzee anasema mvua itakuja mwezi wa tatu, lakini mwaka jana pia alisema hivyo.

Ukae vizuri.
Mamako,
Apolot


Busia, Kenya
2 Machi 2025

Kwa Toto,

Salamu kwako na kwa Mzee. Anjeline nilimchotea maji yenye chumvi kama ulivyoagiza, na sasa ni amri ya kila siku, umenitia utumwani. Amecheka sana barua yako. Umeandika "masuka". Akaniuliza kama hospitali yenu siku hizi inasuka wagonjwa nywele. Nikamwambia aheshimu wakwe, lakini na mimi nilikuwa nacheka.

Toto, "iko salama" ni jibu tunalompa mtu tusiyetaka aketi. Mimi nataka kuketi. Kikapu kinarudi upesi au kinachelewa? Sabuni inamwagika? Betty na Taaka wameizoea? Unajua nikiwa mtoto nilikuwa nakuletea chakula pale, nakukuta wewe na mwenzako mmeshika blanketi, huyu anapinda kulia, huyu kushoto, maji yanawachuruzika hadi viatuni. Kuna jambo jingine kuhusu mashine hii, lakini sitaliandika, utasema sijakua.

Osborn ananiuliza kila Jumatatu. Hospitali moja ya upande huu imesikia habari nayo imesema inasubiri kuona Kirewa wanasemaje. Namjibu Osborn kwamba wewe ni mtu wa maneno machache, naye anasema hajaona mama wa Kiteso wa maneno machache.

Jumamosi moja mwezi huu nataka kuja niione mwenyewe. Niambie ipi inafaa.

Engole


Kirewa, Tororo
30 Machi 2025

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu, utanisamehe. Tumekuwa na kipaimara, kanisa lilijaa, na kwaya yetu iliimba wimbo mmoja mara mbili kwa sababu mpiga kinanda aligeuza karatasi mbili pamoja.

Usije kwanza. Mvua imefika na barabara ya huku imeharibika kabisa. Tena goti la Mzee limezidi, nyumba haina raha ya kupokea mgeni. Njoo baadaye, mambo yakitulia.

Mashine usiwe na wasiwasi nayo. Tumeifunika blanketi isipate vumbi.

Apolot


Busia, Kenya
6 Aprili 2025

Toto Apolot,

Nakusalimu kwa heshima, na Mzee pia. Leo habari za nyumbani nitazifupisha kwa sababu nina jambo la kukuuliza.

Mashine inayofanya kazi haifunikwi blanketi, Toto. Nilisoma mstari ule nikaurudia, kisha nikaenda sokoni kumtafuta Syprose. Nikamuuliza barabara ikoje. Akasema, "Barabara gani? Juzi nimepita na boda, hata tope halikunigusa." Nikamuuliza goti la Mzee. Akasema amemkuta Mzee akimkimbiza ndama. Nikamwambia basi niambie na lingine ulilobakiza. Akazungukazunguka, mwishoni akasema, "Mwanangu, wale mamako bado wanakamua kwa mikono huko nje. Nami nilimwona Betty mkono umefungwa bandeji, nikauliza, nao wakaniuliza bei ya omena."

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni mashine yangu iliyomuumiza Betty? Kama ndiyo, niambie ilivyokuwa. Pasaka ni wiki mbili kutoka leo, lakini sasa sizungumzii Pasaka wala Odwori wala karakana. Nazungumzia mkono wa mtu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayeficha jambo ili asimuumize mwenzake anamuumiza mara mbili. Nimeumia, Toto, nami nakwambia waziwazi.

Engole


Kirewa, Tororo
9 Aprili 2025

Mwanangu Engole,

Syprose ameketi hapa mlangoni akisubiri niimalize barua hii. Nimemwambia haondoki bila hiyo, na yeye ndiye aliyeyaanza. Leo sina habari za ndama.

Ni kweli. Ilikuwa wiki ileile tulipobandika maneno yako. Tulifua masuka ya wodi ya wazazi, mashine ikafanya vizuri kabisa. Betty akabonyeza JUU, kikapu kikazoa, kikapanda, kikamwaga, na Taaka akapiga makofi. Kisha kikakaa huko juu. Tukakitazama. Wewe uliandika kinapumzika kidogo, lakini hatukujua kidogo yako ni ndefu kiasi gani. Betty akaona foronya imenasa ndani ya pipa la kufulia, akafungua mlango akaingiza mkono aitoe. Taaka akasema, "Mama, hii kitu imegoma huko juu." Akatafuta cha kukiteremshia. Akasoma, akafurahi. "Si iko hapa? Imeandikwa shuka." Nami nikasoma, nikaona sawa, shuka. Akabonyeza.

Maji ya moto yakaingia. Mimi sikusikia kitu. Niliona mdomo wa Betty umefunguka wote, ndipo nikajua.

Mwanangu, hapa kwetu kile cha kitandani ni suka. Wateso tunasema suka, Waganda wanasema suka, na Taaka wa Wasamia hivyohivyo. Shuka ni neno la mpakani. Askari akisimamisha boda anakwambia shuka, nawe unashuka. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema suka hapa nyumbani, hadi ulipovuka kwenda shule, mwalimu akakunyoosha ulimi. Hakuna mtu hapa wa kuliona neno lile akafikiria kitanda.

Mkono uliungua hadi kiwiko. Umetunzwa vizuri, ngozi mpya inakuja. Manesi walimuuliza ni nini, akasema maji ya moto. Hakudanganya. Nilitaka kukuandikia siku ileile, na ni Betty aliyenizuia. Alisema, "Usimwambie kijana. Odwori akisikia ataitoa, na kijana atafukuzwa kazi kwa sababu ya mkono yangu." Taaka yeye alisema mashine imeonyesha nia yake mapema, inataka kutufukuza, na akaifunika blanketi ili isimtazame. Nikakaa katikati yao. Nikaona afadhali tukamue kwa mikono kama zamani, Pasaka ipite, tuseme tu hatukuizoea.

Na lile ulilokataa kuandika nalijua. Umeiunda kwa ajili ya mabega yangu. Nililijua siku uliyokuja ukapima kimo changu kwa macho kabla ya kupima mlango. Ndiyo maana sikuweza kuandika. Ningeanzaje kukwambia kwamba zawadi yako imemchoma rafiki yangu?

Usiniandikie maneno makali tena hadi nimalize kuyalilia haya.

Mamako,
Apolot


Busia, Kenya
13 Aprili 2025

Toto wangu,

Leo ni Jumapili ya Matawi, na Anjeline amekuombea kanisani kwa jina, kwa sauti, hadi watu wakageuka. Anasema amekusamehe barabara na goti. Mimi naomba unisamehe ule ukali.

Nilimsomea Osborn barua yako. Hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Neno ni kosa, lakini maji kuingia mlango ukiwa wazi, hilo ni kosa kubwa zaidi. Hilo ni letu, si la Kiswahili." Ni kweli, Toto. Ningeandika neno zuri kiasi gani, siku moja mtu angebonyeza pasipofaa, kwa sababu mtu ni mtu. Mashine ndiyo ilipaswa kukataa. Niliwaza kikapu mwaka mzima, nikausahau mlango. Kisha nikayacheka masuka yako kwenye barua, na kumbe ulikuwa umeshanionyesha kila kitu bila kujua.

Tumekaa karakanani siku mbili. Tumetengeneza kiswichi kinachokaa kwenye bawaba ya mlango. Mlango ukiwa wazi hata kidogo, maji hayaji na pipa halizunguki, ubonyeze utakavyo. Nimekijaribu hadi kidole kimeota sugu.

Nakuja Jumanne na Osborn, na safari hii usinitajie barabara. Lakini sitaanza hospitalini. Nitaanza nyumbani kwa Betty. Anjeline amefunga sukari, majani ya chai na khanga, naye anasema nisimkabidhi nikiwa nimesimama. Nikitoka kwa Betty nitakwenda kwa Bwana Odwori nimwambie mwenyewe yote yaliyotokea, kabla hajaambiwa na mwingine. Akiamua kuing'oa, nitaing'oa kwa mikono yangu na sitamlaumu. Nakuomba jambo moja tu. Vibandiko vipya nitavileta vikiwa vitupu. Nyinyi watatu mkae mchague maneno, mimi nitachonga mtakayoniambia.

Mpe Betty pole yangu kabla sijafika. Usimwambie nimelia.

Mwanao,
Engole


Busia, Kenya
27 Aprili 2025

Toto,

Pasaka yetu ilikuwa njema. Tulikula kuku wa Mzee uliyenifungia, na Osborn aliyekuja kusalimia tu akaketi hadi mifupa ikaisha. Ananiambia nikusalimu. Ameacha mambo ya kunyonya tangu alipokuona uso kwa uso.

Uliyaona yote Jumanne ile, lakini niache niyaandike.

Nilidhani Betty atanigombeza, na nilikuwa tayari. Nikapiga magoti, nikaeleza, yeye akanitazama hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Mkono ni yangu, maji ilikuwa yako. Sasa twende hospitali. Wewe utafungua mlango, mimi nitabonyeza, tuone kama maji itakuja." Nikamwambia nitabonyeza mwenyewe. Akakataa. Akasimama mbele ya ile mashine iliyomchoma, bandeji bado mkononi, mlango wazi, akabonyeza kitufe cha njano kwa mkono uleule. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akamgeukia Taaka, "Imekataa. Imejifunza heshima." Na Taaka akaliondoa blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka rafuni.

Wewe ulikuwa unamtazama Betty, hukuniona nikitoka nje. Nilikwenda nyuma ya tangi nikamshukuru Mungu kwa mwanamke ambaye sikumzaa wala hakunizaa, aliyeuficha mkono wake ulioungua ili mimi nisifukuzwe kazi. Sijui mtu analipaje kitu kama hicho. Nafikiri halipi, anakaa nacho tu, na kinamfanya awe mtu bora.

Maneno yenu nimeyachonga, yamo humu. MASUKA kwenye cha njano. Na chini ya JUU, kama Taaka alivyotaka: NGOJA, INARUDI YENYEWE. Osborn ameagiza mashine zote zitakazofuata, kama zitakuwepo, zichongwe maneno baada ya kuwauliza watakaozitumia.

Kama zitakuwepo. Bwana Odwori alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema anatupa hadi mwisho wa Juni, na siku hiyo hatamuuliza fundi wala daktari. Atawauliza nyinyi. Nimekubali. Nasubiri.

Engole


Kirewa, Tororo
29 Juni 2025

Mwanangu Engole,

Nakusalimu wewe na Anjeline. Mtama tumevuna, wa kutosha kula na kidogo wa kumpa jirani. Dada yake Mzee Ecodu amerudi kututembelea, amemwona ndama wa jina lake, amempenda, na sasa anataka kuondoka naye. Mzee amekosa la kusema, nami nimefurahi kumwona hivyo mara moja katika maisha.

Nimekuweka miezi miwili bila barua. Safari hii sikuwa nikificha kitu. Nilitaka nikuandikie nikiwa na jibu.

Bwana Odwori alikuja Ijumaa. Akasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia bila karatasi, mikono nyuma, akatazama mzigo mzima ukifuliwa, masuka ya wodi ya wanaume na yale ya thieta ya upasuaji. Kikapu kikapanda, kikamwaga, kikatulia. Taaka akamwambia, "Ngoja, mkubwa, inarudi yenyewe." Msimamizi akangoja pamoja nasi. Kikarudi. Kisha akamuuliza Betty, iondoke au ikae? Betty akamwonyesha mkono, lile kovu lote, akasema, "Mimi ndiyo iliniunguza, na mimi nasema ikae." Akamuuliza Taaka. Taaka akasema anayetaka kuitoa amtoe yeye kwanza, maana tangu ianze kukamua mgongo wake umeacha kuzungumza usiku. Odwori akacheka, na huwa hacheki.

Inabaki, mwanangu. Amesema atamwandikia Osborn mwenyewe, na atawaambia wale wa hospitali ya upande wenu waje wajionee. Wala hakuna aliyeondolewa. Nilimuuliza mbele ya wote, kwa sauti yangu ya mtu asiyesikia, ili asije akasema hakunielewa. Taaka anashona masuka yaliyochanika, tuliyokuwa tukiyatupa kwa kukosa muda, na siku za mzigo mkubwa anarudi kwetu. Betty ndiye mkuu wa mashine. Anaipigia kelele kama mtoto wake. Mimi nimebaki kukunja na kuhesabu, na kuwafundisha wanaokuja.

Sasa nikwambie la moyoni, maana sijui kama nitapata tena ujasiri huu. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nilikupiga teke la kunyamaza, wewe ukarudi na kiswichi cha mlango. Nakushukuru. Namshukuru na Osborn aliyesema kosa ni letu, maana wakubwa wengi wangesema kosa ni la wanawake wasiojua kusoma. Namshukuru Anjeline kwa ile khanga. Betty anaivaa kanisani tu.

Jumapili iliyopita, tulipofika pale pa kupeana amani, nikampa mkono mama mmoja mzee wa kiti cha nyuma. Akaushika, akaugeuza, akakitazama kiganja kama anayetafuta kitu. Akaniambia karibu na sikio ili nisikie, "Apolot, umeacha kazi? Mkono ni mkavu." Nikamwambia sijaacha. Nikakaa chini, sikuweza kuimba tena hadi misa ikaisha.

Maana ulipokuwa mdogo, mwanangu, na mimi narudi nyumbani nimelowa, nilikuwa nakufunika nawe umelala, namwomba Mungu kila siku jambo moja: huyu umpe kazi isiyo ya maji. Akakupa ya maji, akanitoa mimi majini.

Eyalama noi, asante sana.

Mamako,
Apolot